Afya ya Ndugu Zetu Batwa
(Hotuba ya katekista siku ya yubile)



Katika Agano la Kale, mwaka wa yubile ulikuwa mwaka wa kuwarudishia watu ardhi yao. Kwa hiyo tumeona vema leo kusema juu ya Batwa, jirani zetu.

Sisi makatekista tukipita vijijini husikia: «Batwa ni watu wa magonjwa, ndivyo ilivyo damu yao.» Tulipime neno hilo.

Tuangalie buba. Ugonjwa huu huambukizwa kwa kugusana ngozi, zaidi kati ya watoto walio chini ya miaka 15. Huleta vidonda, na usipotunzwa huharibu mifupa. Hukaa penye joto na mvua, ambako watu hukosa maji na sabuni. Tangu mwaka 1952 hata 1964, OMS na UNICEF waliupiga vita katika nchi 46 kwa penisilini. Ukapungua sana, kisha ukarudi kwa waliosahauliwa. Tangu mwaka 2012 OMS hushauri azitromisini, dawa ya kumezwa mara moja tu. Dawa hiyo humponya Mtwa sawasawa na mtu mwingine. Basi, damu yake ina kosa gani?

Sababu ziko kwingine. Kwanza, walipoteza pori. Parki ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975, na familia za Batwa zikaondolewa bila fidia. Pori liliwapa nyama, asali na dawa za miti. Leo wengi hulima mashamba ya wengine kwa malipo madogo. Pili, dispanseri iko mbali, tena yataka feza. Tatu, dharau: mama aliyechekwa mlangoni harudi tena na mtoto wake.

Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za Batwa na Wambuti katika nchi yetu. Lakini sheria haimbebi mgonjwa njiani. Ndiyo maana twaomba kila shirika lijue majina ya Batwa walio jirani, liwasindikize wenye mimba na watoto wagonjwa hata dispanseri, na kukaa nao mpaka wapokelewe kwa zamu yao kama watu wote.

Hapo yubile yetu itakuwa yubile kweli. Mungu awabariki ninyi nyote.