Wasia na Muhuri wa Notari

Ndugu Waislamu wa Rohero na Buyenzi,

Mtu akifa huacha mali, na mali huzusha maneno. Kanuni ya Watu na Familia ya Burundi, ya mwaka 1993, haikupanga urithi. Jambo hilo liliachiwa mila, na mila humpa ardhi mtoto wa kiume. Binti, ambaye Sura ya An-Nisaa imemtajia fungu lake, aweza kutoka mikono mitupu ikiwa baba hakuacha hati.

Kwa hiyo yampasa mwenye mali aandike angali mzima: mali yake, madeni yake, warithi wake na wasia wake. Kisha aende kwa notari pamoja na mashahidi wawili waadilifu. Notari huhakikisha ni nani atiaye sahihi, na siku gani. Hati kama hiyo haikanushwi kwa wepesi.

Lakini muhuri hauhalalishi dhuluma. Saad bin Abi Waqqas alipotaka kuusia theluthi mbili za mali yake, Mtume (S.A.W.) alimruhusu theluthi moja tu, akamwambia kuwa hata hiyo ni nyingi. Wala mrithi hapewi wasia ila kwa ridhaa ya warithi wenzake.

Basi aliye na hati sandukuni aitazame upya. Asiye nayo asingoje ugonjwa. Wabillahi tawfiq.