Hotuba ya Mwenyekiti: Mtoto Mzito wa Kuelewa Naye ni Wetu



Leo tunatimiza miaka 10 ya kuweka na kukopa. Mabati na ng'ombe wa maziwa mmeviona wenyewe. Sisi tunaomba kusema habari ya watoto ambao zamani hatukuwataja hata kwenye kikao.

Tunao vijana wazito wa kuelewa. Walimaliza darasa la saba bila kujua kusoma, tukawaficha migombani, tukisema kazi yao ni kukata majani ya ng'ombe. Siku moja tukamlipia binti mmoja ada ya ushonaji kutoka mfuko wa jamii. Baada ya miezi 3 akarudishwa nyumbani, tukaambiwa hawezi. Kikao kiliwaka moto! Wengine tulitaka mama yake arudishe fedha. Leo tunaona aibu, lakini tulisema.

Mama yule hakujibu kitu. Alimpeleka bintiye kwa fundi cherehani, mwanachama mwenzetu. Fundi akamfundisha jambo moja moja. Wiki nzima ni kukanyaga cherehani bila uzi. Kisha kufuata mstari wa chaki. Namba za futi zilimshinda, basi akapimia kwa kamba zenye mafundo. Ilichukua miaka 2. Leo anashona sare za shule, na mshono wake haufumuki.

Haba na haba hujaza kibaba. Ndivyo tulivyoanza hisa zetu, na mtoto huyu naye amejaa hivyo hivyo.

Sheria ya mwaka 1994 ilianzisha VETA. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa hawa haki ya elimu na mafunzo ya ufundi. Tena katika asilimia 10 ya mikopo ya halmashauri, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Lakini sheria haimshiki mtoto mkono kumpeleka darasani. Anayempeleka ni mzazi.

Kwa hiyo tunaomba kikao kijacho kipitishe mambo mawili. Mkopo wa ada ya kijana wa namna hii urejeshwe kwa miaka 2, bila riba. Na kila fundi aliye mwanachama achukue kijana mmoja.

Tunajua riba ndiyo gawio letu la Desemba, nalo litapungua kidogo. Akina mama, tukubali lipungue.