Meya Atakayeomba Kura Mususa



Tangu Butembo ipewe hadhi ya mji mwaka 2003, hakuna mkaaji wake hata mmoja aliyewahi kuchagua meya. Mameya wetu wameletwa kwa uteuzi kutoka juu. Na tangu tarehe 6 Mei 2021, hali ya dharura ilipoanza kutumika Kivu ya Kaskazini na Ituri, viti vya umeya vya Butembo na Beni vilikabidhiwa maofisa wa polisi. Mtu anaweza basi kuuliza: kwa nini tukusanyike jioni nzima kuongelea mgombea ambaye hayupo?

Tunamwongelea kwa sababu sheria inamtambua, na siku moja atakuja. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema kwamba mji na komini vinajitawala na vina mali yake. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaeleza namna viongozi wake wanavyochaguliwa. Tarehe 20 Desemba 2023, kwa mara ya kwanza chini ya Katiba hiyo, wananchi walipiga kura ya washauri wa komini, lakini katika miji mikuu ya majimbo peke yake. Goma walipiga. Komini zetu za Mususa, Kimemi, Bulengera na Vulamba hazikupiga. Wala Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori kule Beni. Zamu yetu itakapofika, tusikutwe tumelala. Ahadi zitakuwa nyingi, na nafasi ya kuzipima itakuwa fupi.

Nimekuja na jambo moja. Mgombea umeya wa Butembo asianze kwa kutuambia atajenga nini. Aanze kwa kutuambia fedha za mji zitapangwa na nani, mbele ya nani, na daftari la matumizi litafunguliwa siku gani. Kipaumbele cha kwanza cha bajeti ni namna yenyewe ya kuipanga; barabara, soko na mtaro vitafuata.

Tutazame kwanza fedha zenyewe. Katiba, katika kifungu chake cha 175, inaamuru kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayopatikana katika jimbo yabaki jimboni, yakatwe pale pale yanapokusanywa. Sheria ya 2008 inaongeza kwamba asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo ni haki ya miji, komini, sekta na machifu. Pigeni hesabu: katika kila faranga 100 za taifa zinazotoka hapa, 40 ni za jimbo, na katika hizo 16 zinapaswa kushuka mpaka huku chini. Kwenye mpaka wa Kasindi hupita mizigo ya wafanyabiashara wa Butembo mchana na usiku, na ushuru wake hulipwa kila siku. Lakini kinachorudi kutoka Kinshasa ni kidogo, tena kinachelewa, na hakuna ofisi ya kartie inayoweza kumwonyesha mkaaji kiasi kilichorudi. Mgombea asiyezijua faranga hizo 16 hajajiandaa kuwa meya. Yule anayezijua, anatakiwa kusema hadharani namna atakavyozidai, pamoja na wabunge wetu wa jimbo na wa taifa.

Fungu la pili ni la fedha tunazolipa hapa hapa: ushuru wa meza ya soko, patenti ya mfanyabiashara mdogo, malipo ya maegesho, karatasi za ofisi. Mama anayepanga nyanya chini hulipa kabla hajauza hata fungu moja. Mwendesha pikipiki hulipa, halafu husimamishwa tena njiani na kudaiwa kingine. Hawa ndio wenye bajeti ya mji. Fedha ni zao kabla hazijawa za meya.

Kisha kuna fungu la tatu, lisiloandikwa katika hesabu yoyote ya serikali, ingawa ndilo lililoijenga Butembo. Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mji wetu unapotofautiana na miji mingine mingi.

Salongo, yaani kazi ya pamoja ya wakaaji, ilianza kama amri ya utawala wa Mobutu katika miaka ya 1970, na sehemu nyingi za nchi ilikufa pamoja na amri hiyo. Kwetu ilibaki, maana watu waliona faida yake. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza dayosisi ya Butembo-Beni kuanzia 1966 hadi 1997, aliwahimiza waumini na wafanyabiashara wasingoje serikali iliyo mbali. Wakashika jembe na koleo wakatengeneza barabara. Wakajenga shule na vituo vya afya. Mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kikafungua milango yake. Baadaye, miaka ya uasi, kati ya 1999 na 2003, kundi la waasi la RCD-K/ML lilipotawala eneo la Beni na Lubero, wafanyabiashara wa Butembo walikuwa wakiwalipa wakubwa wake ushuru kabla mizigo haijafika, wapate kufanya kazi. Serikali ilipoungana tena, tabia ya kuchanga iliendelea. Mtaro ukibomoka, kartie inachanga. Kidaraja kikichukuliwa na maji, watu wanachanga. Chanzo cha maji kikichafuka, mama wa avenyu wanachanga saruji.

Ninajivunia historia hii, na ninajua wengi humu ukumbini wana mikono iliyobeba mawe ya barabara hizo. Lakini lazima tuseme ukweli wake mwingine: mkaaji wa Mususa analipa mara mbili. Analipa kodi, kisha anachangia kazi ambayo kodi ilipaswa kuifanya. Na viongozi wamelizoea jambo hilo. Anayeomba umeya akisimama hapa na kusifu moyo wa kazi wa Wayira, watu wa huku kwetu, mwulizeni papo hapo: je, mchango wa salongo utaandikwa katika bajeti kama mchango wa wananchi, ili mji ulete nusu yake ya saruji, mawe na mafundi? Kama jibu ni hapana, sifa hizo zinatusaidia nini?

Sasa vipaumbele. Wagombea wengi watatuahidi lami. Lakini barabara kubwa za taifa si kazi ya meya. Barabara ya Kasindi mpaka Beni, kilomita 80, na ile ya Beni mpaka Butembo, kilomita 54, ziliwekwa katika makubaliano ya Kongo na Uganda, na marais wawili walizindua kazi mpakani Juni 2021. Meya anaweza kuidai kazi hiyo, kuisimamia kwa jicho la mji, na kuhakikisha mitaro yake haimwagi maji kwenye nyumba za watu. Hawezi kuichora kama ahadi yake.

Kilicho chake ni kazi za ndani ya mji: barabara za kartie, mitaro, mmomonyoko wa udongo, masoko, usafi, taka, taa za njia. Butembo imekaa juu ya vilima. Mvua ikinyesha, maji hukusanyika na kushuka kwa nguvu mpaka mto Kimemi, yakikata njia na viwanja. Kwa hiyo, kama mimi ningeulizwa, ningeweka mtaro mbele ya lami, kwa sababu lami isiyo na mtaro haivuki misimu mingi ya mvua. Ningeweka chanzo cha maji kilichojengewa vizuri na choo cha soko mbele ya jengo jipya la ofisi. Lakini hayo ni maoni ya mtu mmoja, na ndiyo sababu sitaki meya atawale kwa maoni ya mtu mmoja, hata yakiwa mazuri kama yangu yanavyoonekana kwangu.

Tuna somo la karibu, nalo tulilipa kwa maisha. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 iliwapata watu 3,470, na 2,287 kati yao walikufa. Beni, Mabalako, Butembo na Katwa ni miongoni mwa sehemu zilizoumizwa zaidi. Fedha zilimiminika, magari yakajaa barabarani. Lakini maamuzi yalikuwa yamekwisha kufanywa kabla wakaaji hawajaulizwa kitu. Watu wakauliza kwa nini ugonjwa huu umeletewa mali yote, na wale wanaouawa karibu na Beni tangu Oktoba 2014 hawakuletewa ulinzi; kwa nini malaria na maji machafu havikuhesabiwa. Hawakujibiwa vizuri. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa; Aprili mwaka huo daktari Richard Mouzoko aliuawa hapa hapa mjini. Hakuna neno linaloweza kuhalalisha damu hiyo. Lakini waliofanya kazi wakati ule wanajua mambo yalianza kulainika pale viongozi wa kartie, wachungaji, mama na vijana wa hapa walipopewa kazi na sauti, familia zikaruhusiwa kuona mazishi. Fedha zilizokuja bila masikio zilizaa hofu.

Basi, wananchi washirikishwe vipi? Hatuanzi kwenye ukurasa mtupu. Tuna nyumba kumi, seluli, kartie, komini. Wazee wetu walikuwa na kyaghanda, mahali pa kukaa na kukata shauri. Tuna bunge la wima la Furu, ambapo wananchi hujadili wakiwa wamesimama, kundi la wananchi la Véranda Mutsanga, vijana wa harakati ya LUCHA. Hawa wote wameshafanya kazi ya kumkagua kiongozi bila kulipwa, na wengine wameilipia: Novemba 2021 vijana wa LUCHA walikamatwa Beni wakipinga kuongezwa kwa hali ya dharura, na mahakama ya kijeshi ikawahukumu mwaka mmoja jela. Na tarehe 30 Desemba 2018, Beni na Butembo zilipoondolewa katika uchaguzi wa rais, watu wa Beni walipanga foleni, wakanawa mikono kwa ajili ya Ebola, wakapiga kura yao wenyewe katika masanduku waliyojitengenezea. Anayesema watu wa huku hawako tayari kushirikishwa, hakuiona foleni ile.

Mifano ya kazi iko karibu. Bukavu, katika komini ya Ibanda na nyinginezo za Kivu ya Kusini, bajeti shirikishi ilijaribiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia: wakaaji waliitwa mikutanoni kwa ujumbe wa simu, wakachagua kazi za kufanywa kwa sehemu ya fedha za komini. Nchini Kenya, kaunti ya Makueni, wakati wa gavana Kivutha Kibwana kati ya 2013 na 2022, mikutano ilianzia kijijini na kupanda mpaka kaunti, na kamati ya wakaaji ilipaswa kuikubali kazi kabla mkandarasi hajalipwa. Jambo hili la mwisho ndilo ninalolitaka zaidi kwa Butembo. Mkutano ni rahisi. Sahihi ya mama wa soko kabla ya malipo ni ngumu, na ndiyo inayolinda saruji isiibiwe.

Wengine wataniambia: kuna vita, watu wanakimbia. Najua. Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa waasi mwisho wa Juni 2024, na familia zikapanda kuelekea Lubero na Butembo. Goma ilitekwa mwisho wa Januari 2025, na serikali ya jimbo ikahamia Beni. Meya hana jeshi. Lakini wakimbizi wa ndani wanakunywa maji ya kartie zetu, watoto wao wanakaa katika madarasa yetu, na hakuna anayewajua kwa idadi kama mkuu wa nyumba kumi. Wakati wa vita ndio wakati ambao faranga moja ya mji haifai kupotea gizani.

Limebaki jambo la kura yenyewe, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, hasa wanafunzi. Sheria haimleti mgombea umeya mbele ya mwananchi. Mkaaji wa Mususa atachagua washauri wa komini. Washauri wa komini watachagua washauri wa mji. Washauri wa mji ndio watakaomchagua meya na msaidizi wake. Mwisho wa safari hiyo, mji mzima unaamuliwa na watu wanaoweza kukaa katika ukumbi mmoja, na watu wachache hununulika kwa urahisi. Bahasha chache zinatosha kufuta mapenzi ya maelfu.

Kwa hiyo kazi yetu haianzi siku ya meya. Inaanza kwa mshauri wa komini. Atakayekuja kugonga mlango wako Mususa akiomba kura, mwambie aandike na kutia sahihi mbele ya kartie: kwamba hatampigia kura mshauri wa mji asiyeahidi kumnyima kura mgombea umeya ambaye hajasimama hadharani katika komini zote nne na kujibu maswali. Kwamba sehemu ya fedha za ujenzi itaamuliwa na mikutano ya komini. Kwamba kila mwezi mapato na matumizi yatabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kartie, kwa Kiswahili na Kinande, kwa maandishi makubwa. Karatasi hiyo haina nguvu ya mahakama. Ina nguvu ya aibu, na katika mji ambapo kila mtu anamjua mwenzake, nguvu hiyo si ndogo.

Na hatuhitaji kungoja tangazo la uchaguzi. Wiki hii hii, nendeni ofisi za komini zenu, wawili wawili au watatu watatu, mkaombe kwa heshima kuona makadirio ya mwaka huu: kiasi gani kimekusanywa sokoni, kiasi gani kimetumika, kwa kazi gani. Mkikataliwa, andikeni tarehe na jibu mlilopewa, mrudi tena mwezi ujao.