Kumtibu Mnyama Anayejikunja: Huduma ya Kalunguyeye wa Kufugwa

Kalunguyeye anayefugwa ndani ya nyumba huko Marekani na Japani asili yake ni mbuga za Afrika. Ni yule wa tumbo jeupe, Atelerix albiventris, anayepatikana porini kuanzia Senegali hadi Tanzania na Zambia. Biashara ya kumsafirisha akiwa hai ilishamiri miaka ya 1980. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Marekani ilipiga marufuku kumwingiza kutoka Afrika kwa kuhofia ugonjwa wa miguu na midomo, na wanaofugwa huko leo ni uzao wa wale waliokwisha kuingia. Kwetu, sheria za wanyamapori za Tanzania (2009) na Kenya (2013) hazimruhusu mtu kumwokota porini na kumfuga bila kibali. Ndiyo maana sehemu kubwa ya utaalamu wa kumtibu imetoka kwenye kliniki za ng'ambo, na mada hii imejengwa juu ya utaalamu huo.

Kazi huanza kwa kumshawishi ajikunjue. Akishtuka, msuli wa duara uliozunguka mwili wake hujikaza kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba. Kichwa, tumbo na miguu hutoweka, ikabaki miiba. Kumfungua kwa nguvu ni kumuumiza bure. Daktari mzoefu hupunguza mwanga, hutuliza chumba, kisha humweka kwenye chombo cha kioo au plastiki angavu na kusubiri. Mnyama akianza kutembea, tumbo na nyayo hutazamwa kutokea chini. Akigoma, na mara nyingi hugoma, huingizwa kwenye kisanduku chenye nusukaputi ya isofulureni. Baada ya dakika chache mwili hulegea, na hapo kila kitu hufanywa kwa mkupuo mmoja: kinywa chenye meno 36, masikio, kucha, damu, picha ya eksirei.

Kumrudisha nyumbani bila kumtazama kinywani ni kosa linaloweza kugharimu uhai. Kalunguyeye wa kufugwa huandamwa sana na saratani, hasa akipita umri wa miaka mitatu, na mojawapo ya sehemu zinazoshambuliwa ni fizi na taya. Uvimbe wa hapo hufanana na jino bovu. Asiyekata kipande kidogo na kukipeleka maabara anaweza kutoa dawa ya usaha wiki baada ya wiki huku taya likiliwa. Jike naye akionekana kukojoa damu, mwenye mnyama hudhani tatizo ni kibofu, kumbe mara nyingi damu hiyo inatoka kwenye mji wa mimba wenye uvimbe. Kuutoa mapema kwa upasuaji kunaweza kumponya.

Upo ugonjwa mwingine unaowavunja moyo wafugaji: ule wa kuyumba. Kwa kawaida hujitokeza kabla mnyama hajatimiza miaka miwili. Huanza kupepesuka, miguu ya nyuma hulegea, kisha kupooza hupanda taratibu hadi anashindwa kula. Ubongo na uti wa mgongo huwa vimeingiwa na vitundu kama sifongo, jambo linalothibitishwa kwa darubini baada ya kifo. Dawa haijapatikana.

Hata hivyo, si kila anayeyumba ana ugonjwa huo. Kalunguyeye huyu ameumbwa kwa joto la tropiki, na kizimba chake kinapaswa kuwa na nyuzi 24 hadi 29 za Selsiasi. Baridi ikimwingia huzubaa, tumbo huwa baridi mkononi, hupepesuka, na anaweza kufa akiwa katika hali hiyo. Kwa hiyo kabla ya kumtamkia mwenye mnyama habari mbaya, daktari ampashe joto polepole na kuuliza chumba anacholala kina nyuzi ngapi.

Ngozini adui mkubwa ni utitiri wa Caparinia: magamba meupe kwenye mizizi ya miiba, kujikuna, miiba kunyonyoka. Magamba yakitazamwa kwa darubini, wadudu huonekana. Hutibiwa kwa ivamektini au selamektini, na matandiko yote hubadilishwa. Choa cha Trichophyton erinacei kinaweza kufanana na hali hiyo, nacho huwaambukiza binadamu. Povu mdomoni nalo limewatisha wengi wakidhani ni kichaa cha mbwa. Kumbe mnyama huyu akikutana na harufu ngeni huitafuna, hutoa povu na kujipaka miibani. Hiyo ni tabia yake.

Mwenye mnyama naye anahitaji kulindwa. Januari 2019 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilitangaza wagonjwa 11 wa salmonela katika majimbo 8, mlipuko uliohusishwa na kalunguyeye wa kufugwa, na kikawaonya watu wasiwabusu. Vyombo vyake visioshewe jikoni, na watoto wa chini ya miaka mitano wasimshike.

Mada hii inaiomba semina ikubaliane jambo moja la mapokezi. Kalunguyeye huficha ugonjwa mpaka umeiva, lakini uzito huanza kushuka mapema. Kila mwenye mnyama ampime kila wiki kwa mizani ya gramu, aandike uzito pamoja na joto la kizimba, na karatasi hiyo ndiyo iwe ya kwanza kuombwa pale dirishani kabla mnyama hajaguswa.