BUSTANI YA OFISI YETU: TUPANDE MIMEA YA KWETU

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanaushirika)



Tumekubaliana mbele ya ofisi na ghala papendeze. Vizuri. Lakini lipo pendekezo tununue nyasi na maua ya mjini. Jamani, hayo yatakunywa maji ya nani? Hapa kwetu Dodoma mvua ni kama milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Ikifika Agosti, maji ya maua yatatoka kwenye ndoo ya mama aliyepanga foleni kisimani tangu alfajiri. Huo siyo urembo, ni unyonyaji.

Mimea ya kwetu imezoea kiangazi. Shubiri mwitu huweka maji kwenye jani lake nene, na huchanua hata nyasi zikiwa zimekauka. Ndege chozi huyafuata maua yake. Waridi la jangwani nalo hupukutisha majani, kisha hutoa maua wakati wa ukavu. Kwa kivuli tupande mkwaju, mbali na ukuta maana huwa mkubwa. Uzio uwe wa minyaa.

Kazi yenyewe ni hivi:

1. Mashimo yachimbwe Novemba. Upande wa chini wa kila shimo liwekwe tuta la nusu mwezi, likinge maji ya mvua.

2. Shubiri tuoteshe kwa mbegu au machipukizi ya pembeni. Tusing'oe mmea mzima porini. Tukiimaliza huko, tutapata wapi tena?

3. Vipande vya minyaa na vya waridi vikae kivulini siku chache mpaka utomvu ukauke, ndiyo vipandwe. Maji mengi huviozesha.

4. Mkwaju mchanga upewe ndoo moja kwa wiki kiangazi cha kwanza. Majani makavu yatandazwe kuuzunguka, yasiguse shina.

Tahadhari: utomvu wa mnyaa ukiingia machoni ni hatari sana. Wa waridi la jangwani ni sumu, watu waliupaka kwenye mishale. Vipandwe mbali na watoto wanapochezea, na aliyekata anawe mikono.

Basi naomba mkutano uamue: fedha za maua zibaki kwenye mfuko wa ushirika, na kila kaya ilete mche mmoja kabla ya mvua. Maji ya kisima yawe ya watu na mifugo.