TAARIFA YA KATIBU WA TAWI: MKAA, GESI NA MFUKO WA MWANACHAMA



Jumapili wengi hamkufika kikaoni kwa sababu ya mvua na misiba miwili mtaani. Yafuatayo ndiyo maelezo tuliyoyatoa siku hiyo. Someni hadi mwisho kabla ya kujibu, maana wiki iliyopita kundi hili liligeuka sokoni.

Suala lenyewe mnalijua. Vijana wetu wa mazingira, wale waliopanda miti kule bondeni, walileta ombi kwamba tawi liiandikie Serikali ya Mtaa vibanda vya mkaa viondolewe barabarani. Akina mama wanaouza mkaa ni wanachama wetu, wengine wana kadi kabla ya sisi. Kamati ilikaa, ikasikiliza pande zote mbili, na ombi hilo tumelikataa. Vijana walikasirika, na haki yao tuwape maelezo.

Kwanza, hoja yao ni ya kweli. Nchi hii imekuwa ikipoteza karibu hekta 469,000 za misitu kwa mwaka, na mkaa una mkono wake humo. Serikali imekuwa ikitaja Watanzania 33,000 wanaokufa kila mwaka kwa magonjwa yanayotokana na moshi wa jikoni. Na anayesema tabianchi ni habari ya Wazungu akumbuke mvua za mwishoni mwa 2023: Hanang ilizika watu wake, miwa haikuvunika vizuri, na mwanzoni mwa 2024 tukanunua kilo ya sukari kwa zaidi ya 4,000, tena kwa kujuana na mwenye duka.

Pili, sera ipo. Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilishaagizwa kuacha kuni na mkaa. Tunaiunga mkono sera hiyo. Lakini kuunga mkono sera si kumfukuza mama kwenye kibanda chake, maana kibanda kikiondoka leo, jioni watu watapika kwa nini?

Hapo ndipo tulipochukua kalamu. Tuliwauliza wanachama wenye kaya za watu sita wanatumiaje. Mkaa wa kopo la 1,500 kila siku ni 45,000 kwa mwezi. Mtungi wa kilo 6 kwa bei ya hapa kwetu unajazwa kwa 25,000 na unakaa wiki tatu, yaani karibu 36,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi gesi imeshinda. Tukafurahi, mpaka mama mmoja akauliza: "Katibu, na maharage?" Maharage na makande hakuna anayethubutu kuyachemsha kwa gesi. Kaya hizo zinanunua bado makopo mawili ya mkaa kwa wiki, karibu 13,000 kwa mwezi. Jumla inakuwa 49,000. Wengine wameacha kabisa kupika maharage, wanalisha watoto wali na mchuzi wa nyanya. Hilo halimo kwenye hotuba ya mtu yeyote, na sisi linatuuma kuliko hata bei.

Kuna jambo jingine ambalo mwenye mshahara halioni. Mkaa unauzwa kwa 1,500, gesi haiuzwi kwa 1,500. Mtu wa kipato cha siku hapungukiwi fedha za mwezi, anapungukiwa 25,000 za siku moja. Ndiyo maana mitungi mingi mitaani kwetu imekaa uvunguni mitupu. Kupata mtungi wa ruzuku ni hatua nzuri, ila ruzuku ni ya siku ya kwanza tu.

Umeme je? Jiko la umeme la presha linaivisha kilo ya maharage kwa chini ya uniti moja. Lakini mteja mdogo analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na akizidi hapo kila uniti ni 350, kabla ya kodi na tozo. Kwa hiyo anayehamia kupika kwa umeme kama alivyoombwa, anaadhibiwa na Luku. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115. Tunadhani uniti chache za sufuria ya maharage zinapatikana humo.

Kamati imeamua hivi. Tunamwandikia Mbunge kuhusu ukomo wa uniti 75 kwa wanaopikia umeme. Tunamwomba Diwani awasaidie wauza mkaa wetu kuunda kikundi, waombe mkopo wa asilimia 10 wa Halmashauri, wawe mawakala wa gesi kwenye vibanda vilevile. Vijana wa mazingira ndio watakaoandika andiko la kikundi, na wamekubali, mmoja kwa shingo upande.

Tawi nalo lilikuwa na aibu yake: chakula cha mkutano wetu wa Februari kilipikwa kwa magunia mawili ya mkaa, na hati ya malipo tuliisaini sisi wenyewe. Haitarudiwa.

Mwisho, kibubu cha gesi. Kaya inaweka 1,200 kwa siku. Baada ya siku 21 ina 25,200, inajaza mtungi na chenji inabaki. Kaya 11 zimeshajiandikisha. Mhazini anapokea kila jioni saa 12 ofisini, anaandika kwenye daftari na mwekaji anasaini. Picha ya ukurasa itawekwa humu kila Jumamosi. Mwenye swali la hesabu aulize humu humu, asisubiri kuuliza kijiweni. Wanaotaka kuongezwa watume jina na namba ya nyumba kabla ya Alhamisi.

Katibu wa Tawi
kwa niaba ya Kamati