Sauti za Shule Yetu Zisipotee
(Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache kuhusu kazi yangu ya mitambo ya mawasiliano. Nitasema juu ya jambo moja tu, dogo, lakini lenye faida kwa shule hii.

Wengi wetu tuna ruta nyumbani, na tunaidhani kuwa ni mlango wa kwendea kwenye intaneti, basi. Kumbe ruta ni njia panda ya nyumba yenyewe pia. Simu, kompyuta na televisheni zilizounganishwa nayo zaweza kupelekeana picha na sauti humo humo ndani. Mzigo huo hautoki nje, kwa hiyo hauli bando. Hata intaneti ikikatika, kazi huendelea maadamu umeme upo. Kwangu watoto walikuwa wakidai bando ili waangalie video ya harusi ya shangazi yao, ilhali video yenyewe imo katika diski kabatini!

Namna ya kufanya si ngumu. Baadhi ya ruta zina tundu la flashi. Chomeka humo flashi au diski. Kisha fungua kwenye kompyuta anwani iliyoandikwa chini ya ruta, washa huduma ya kushirikiana mafaili, uweke jina na neno la siri. Ila flashi iliyotayarishwa kwa mtindo wa FAT32 haipokei faili moja linalofika gigabaiti 4. Video ndefu itahitaji mtindo mwingine ambao ruta yako inaukubali.

Mtauliza, haya yanaihusu nini shule? Ndugu zangu, nyimbo za kwaya yetu, sherehe za mahafali, na sauti za walimu waliokwisha kututangulia zimo katika kanda za kaseti masandukuni mwetu. Utepe huchakaa na kushika ukungu. Mwenye kanda naye huzeeka. Kanda ya dakika 90, ikihamishwa kwa ubora wa kawaida, huchukua takriban megabaiti 86 tu. Maana yake flashi moja ya gigabaiti 32 hubeba kanda zaidi ya 350. Wadogo zetu wangezisikiliza maktabani bila kulipa senti.

Lakini natoa tahadhari tatu.

Kwanza, wanafunzi wapewe ruhusa ya kusoma tu, si ya kufuta.

Pili, hifadhi hiyo isifunguliwe kwa watu wa nje. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilipita kwenye kasoro ya utaratibu wa zamani wa kushirikiana mafaili katika Windows, kikaingia katika nchi zaidi ya 150, kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Utaratibu huo wa zamani, SMB1, uzimwe, na neno la siri lililokuja na ruta libadilishwe siku ile ile ya kwanza.

Tatu, na hili ndilo kubwa: nakala moja si akiba. Flashi hufa bila kuugua. Kukiwa na moja hapa maktabani, iwepo ya pili mbali na hapa, isiyochomekwa popote ila siku ya kuongeza mapya. La sivyo tutakuwa tumetoa kanda masandukuni ili tuzipoteze zote kwa pamoja.

Ninapendekeza basi, Ndugu Mwenyekiti, kwamba kila mwenye kanda aandikishe jina kwa Katibu leo kabla ya kuondoka. Wadogo zetu wajifunze kuzihamisha, nasi wakubwa tukae nao tuwatajie ni nani anayeimba na ni mwaka gani. Maana mashine huhifadhi sauti, lakini haijui jina la mwenye sauti. Hilo tunalijua sisi, na sisi hatutakuwapo siku zote.